Bastola Isiyoonekana Chini ya Kanzu

Safia Haji nilimfahamu kwa sababu ya viatu vya mguu mmoja. Mwezi Machi 1998 alinunua katoni kumi na mbili za viatu vya kike pale soko la Zhanxi, na alipozifungua gesti akakuta katoni mbili zimejaa viatu vya kushoto vitupu. Watu wakamwambia yupo Mtanzania chuo kikuu anayekijua Kichina, aliwahi kuwa mwanajeshi. Mwanajeshi huyo ni mimi, Elisante. Nilikuwa nasomea uhandisi wa vyuma, mwaka wa tatu ule Guangzhou, na siku za mapumziko niliwatafsiria wafanyabiashara wa nyumbani.

Tulirudi dukani pamoja. Mwenye duka, *laoban* kama tunavyowaita mabosi wa huku, akashikilia neno moja: *meiyou*, hakuna, hakuna. Mimi nilianza kupandisha sauti. Bi Safia hakupandisha chochote. Alivua kiatu chake cha kulia, akakiweka juu ya meza ya bosi, akaketi kwenye kiti cha wateja na mguu wake mmoja mtupu, akatoa tasbihi. Wateja wakaingia, wakamwona, wakauliza, wakatoka. Haikufika saa moja viatu vya kulia vikapatikana.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mtu wa Unguja mjini, aliyeolewa Dar es Salaam akiwa na miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa na arobaini na tatu. Mwembamba, mwepesi wa miguu, baibui lake siku zote limepigwa pasi hata kama amelala kwenye treni. Hakujaaliwa mtoto. Alikuwa na mume, Nassor, na duka la viatu na mikoba Kariakoo. Zamani aliyesafiri alikuwa Nassor, kwanza Dubai, kisha Bangkok, kisha huku. Mwezi Februari 1997 Nassor alipigwa risasi na majambazi mbele ya geti la nyumba yake. Bi Safia akakaa eda, miezi minne na siku kumi, na alipotoka akaenda kuomba pasipoti. Haya yote yalijulikana na kila Mtanzania wa hapa. Yeye mwenyewe hakuyazungumza, nasi hatukumuuliza.

Mwezi Julai alinikaribisha kula tambi kwenye mgahawa wa Waislamu wa mtaa wa Xiaobei, karibu na pale wengi wetu tulipozoea kukutana. Alisubiri mpaka bakuli langu likabaki mchuzi mtupu.

"Elisante ndugu yangu," akasema, "hebu niambie. Jeshini ulikuwa ukifanya kazi gani hasa?"

"Karakana ya silaha, Bi Safia. Miaka minane. Bunduki ikiharibika inaletwa kwangu."

"Na bastola?"

"Na bastola pia."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi ya faksi iliyokunjwa mara nne. Ilitoka kwa Jaffari, mdogo wa marehemu Nassor, aliyekuwa akilinda duka Dar. Kibali cha kumiliki silaha alichokiomba Bi Safia baada ya eda kilikuwa kimetoka, na muuzaji mwenye leseni alikuwa na bastola mbili ndogo. Jaffari aliziweka kila moja juu ya karatasi, akazungushia penseli, akaandika vipimo pembeni kwa herufi za mtu asiyependa kuandika.

"Nataka ya kubeba kila siku," akasema. "Kila siku, si ya kuweka kabatini. Na isionekane. Ukimpita mtu msikitini, ukikaa harusini, ukiinama kufunga kiatu, mtu asijue."

Nilifurahi, nakiri. Huku Guangzhou nilikuwa mtu wa kuuliza bei za soli. Kumbe bado yupo mtu aliyetaka kujua ninachokijua. Nikamweleza kama ninavyomweleza askari mpya. Ile ya kwanza ni revolva, risasi tano. Haina mambo mengi. Kifyatulio chake ni kizito, haifyatuki kwa bahati mbaya kirahisi, na hata baada ya miezi ya kukaa bila kuguswa itafanya kazi. Lakini katikati pale penye silinda ni nene, inasukuma nguo. Ya pili ni bapa, risasi saba, inalala mwilini kama kitabu kidogo. Ila inataka mkono wenye nguvu wa kuivuta, na inataka mtu mwenye mazoezi, anayejua wakati wote kama risasi imo chemba, tayari kufyatuka, au haimo.

"Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi," nikamwambia. "Bastola kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokuwa ngumu kulenga. Inaruka mkononi. Watu huinunua kwa sababu ni nyepesi, wakiipiga mara tatu hawataki tena mazoezi. Na lazima ikae ndani ya ala ya ngozi inayofunika kifyatulio. Ukiitia mfukoni na funguo, utajipiga mwenyewe. Tena kabla ya kuuliza itakaa wapi mchana, uliza itakaa wapi umelala."

Alisikiliza bila kukatiza. Kisha akauliza, "Ipi haitaonekana chini ya kanzu?"

Nilidhani amekosea neno. Nikamjibu kuhusu baibui, kwamba lina nafasi, kwamba hata ile nene ingejificha. Akatikisa kichwa kidogo, akasema, "Basi ile bapa," akaikunja faksi.

Wiki ile nilikata maboksi ya viatu kwa kufuata ile michoro ya penseli, nikayabandika tabaka kwa tabaka mpaka unene ukawa sawa. Nikamtengenezea na vifuko viwili vya maharage, kila kimoja na uzito wa bastola yake. Nikamwambia atembee navyo sokoni siku chache, maana uzito wa dukani si uzito wa saa kumi za mchana. Nilipomkuta Zhanxi akibishana juu ya malapa, hakuwa amevaa kitu kiunoni. Nilimuuliza, akasema ameshavipima, asante, vimefaa.

Kilichobaki kilikuwa ala. Bi Safia hakuitaka ya dukani. Alikuwa na fundi wake Shiling, huko Huadu kunakotengenezwa mikoba, mama mmoja wa makamo tuliyemwita Mama Liang. Alikuwa na cherehani nne na dirisha moja, na ngozi zake hazikutoa harufu ya gundi mbaya. Tulipanda basi asubuhi. Njiani Bi Safia alizungumza vizuri tu, juu ya zipu, juu ya kontena lililochelewa bandari ya Huangpu, juu ya ajenti ambaye kila ukimpigia simu anakula.

Mama Liang alipouona mfano wa boksi akanitazama mimi, si yeye.

"Hii ni bunduki," akasema.

"Ni ya kwao," nikamwambia. "Kwao serikali inampa mtu kibali. Hapa haiji. Wewe unashona ngozi tu."

Alifikiri, akaugeuza ule mfano, akaguna. Kisha akachukua futi ya kamba, akamwendea Bi Safia amzungushie kiunoni. Bi Safia akarudi hatua moja nyuma. Alifungua begi lake, akatoa kanzu ya kiume, nyeupe, ya melimeli nyepesi, imekunjwa kwa karatasi laini. Juu yake palikuwa na mkanda mweusi wa kiume.

"Mwambie apime huu," akasema.

Nilisimama pale nisijue pa kutazama. Mama Liang akauchukua mkanda bila wasiwasi, akaunyoosha mezani.

"Mwambie huyo mwanamume aje mwenyewe," akasema. "Mkanda haunionyeshi anavyotembea. Mfuko ukikaa vibaya utamchoma ubavuni."

Bi Safia akaniuliza, "Anasemaje?"

Kazi ya mkalimani ni kuyavusha maneno. Nikayavusha. "Anasema mwenye mkanda aje apimwe mwenyewe."

"Mwambie hawezi kuja."

Nikamwambia Mama Liang kwamba mwenye mkanda amekufa. Nilimwambia kwa maneno mawili matatu, kwa sauti ya chini, kana kwamba Bi Safia angeyafahamu. Yule mama aliuinua mkanda karibu na dirisha, akaupitishia kidole gumba. Palikuwa na tundu la kiwandani lililotanuka kwa miaka mingi, kisha matundu matatu mengine ya ndani zaidi, yametobolewa kwa msumari, kila moja limepinda lake.

"Alikuwa anakonda," akasema Mama Liang.

Nikatafsiri. Bi Safia akaitikia kwa kichwa. "Sukari," akasema. "Mwaka wa mwisho ilimla sana. Hayo matundu nilimtobolea mimi, jikoni."

Mama Liang akasema tumwachie mkanda, ataufanyia kazi, atanipigia simu chuoni. Kanzu akairudisha kwa mikono miwili, ikiwa imekunjwa vilevile.

Katika basi la kurudi mvua ilinyesha mpaka madirisha yakawa meupe. Tulikaa viti vya nyuma. Hatukuwa tumefika mbali alipoanza kusema, na hakunitazama wakati wote aliposema.

"Nassor alikuwa nayo. Ulijua? Alikuwa na kibali kabla yangu. Bastola kubwa, nzito, ya kizamani, alinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akihama nchi. Kila siku alikwenda nayo dukani. Siku ile kulikuwa na harusi ya binti wa jirani yetu wa zamani, Ilala. Alivaa kanzu hii. Nikamtazama kwenye kioo, ubavuni pamevimba kama mtu mwenye jipu, na mkanda umelalia upande mmoja kwa uzito. Alikuwa amekonda, kiuno hakikuweza tena kuishika. Nikamwambia, Nassor, unakwenda harusini au unakwenda vitani? Watu watasema tunajidai. Akaniambia, Safia, wiki hii kuna watu wawili nawaona karibu na duka, nimewaona mara mbili. Nikamwambia iache. Nilicheka, Elisante. Nilimcheka. Akaitoa, akaifungia kabatini, ufunguo akanipa mimi nitie mkobani mwangu."

Konda akapita, akarudi.

"Ingekuwa ndogo kama ile ya kwenye faksi, nisingeiona. Nisingeiona, nisingesema neno."

Hapo nilielewa kwamba mimi na maboksi yangu na maharage yangu tulikuwa tukimchagulia bastola mtu aliyekwisha kuzikwa. Afadhali ningenyamaza. Leo najua ningeweza kunyamaza, au kumwambia Mungu amrehemu, ingetosha. Lakini miaka minane ya karakana ilikuwa imenifundisha kwamba kitu kikiharibika unauliza kiliharibika vipi, na nilidhani nikiuliza vizuri nitampunguzia mzigo.

"Walimjia kutoka wapi?" nikamuuliza.

"Nyuma. Tulikuwa tunarudi kutoka harusini, bado jua, watu wanakwenda kusali alasiri. Alishuka kufungua geti. Mimi nilikuwa bado garini natafuta kiatu."

"Mikono yake ilikuwa na nini?"

Alinigeukia kwa mara ya kwanza. "Kwa nini?"

"Nataka kujua tu."

"Mkono wa kulia funguo za geti. Wa kushoto sinia ya biriani, imefungwa kitambaa, tulimchukulia mama yake. Walipiga mara mbili. Hata hakugeuka."

"Bi Safia," nikasema, "basi nisikilize. Mimi ndiyo kazi yangu. Mtu anayepigwa kwa nyuma, mikono yote miwili ina vitu, hajaona, hajasikia, hakuna bastola inayomsaidia. Si ile kubwa, si ndogo. Hata angekuwa nayo kiunoni ingekufa naye, na wale wangeichukua. Neno lako halikumuua. Usingesema lolote, ingekuwa vilevile."

Nilitegemea atalia. Nilikuwa tayari kwa machozi. Uso wake ulikauka kama mtu aliyetukanwa mbele ya watu.

"Simamisha basi," akasema.

"Bi Safia, tuko barabara kuu..."

"Basi nipishe."

Akanyanyuka, akashika viti kimoja kimoja mpaka mbele, akakaa karibu na dereva. Tulipofika stesheni alishuka bila kugeuka. Nilimwona akivuka katikati ya mikokoteni ya Zhanxi, begi lenye kanzu amelikumbatia kifuani, halafu watu wakamfunika.

Mwezi mzima hakunitafuta. Nilisikia anatumia mkalimani mwingine, Judica, binti wa Kitanzania aliyekuwa akisomea udaktari. Judica akaniambia mama yule hali chakula vizuri, anakiagiza anakitazama tu. Nilitaka kwenda, nikaona haya. Nilijiambia nilisema kweli. Na ilikuwa kweli, lakini hilo halikunisaidia kulala.

Mwisho wa Agosti Mama Liang alinipigia simu. Nilikwenda Shiling peke yangu. Alinipa mkanda umefungwa kwenye gazeti. Ala haikuwepo.

"Nilianza kukata ngozi," akasema, "mkono ukakataa. Mfuko huo nitamshonea nani?" Badala yake alikuwa ameushona ukingo wa mkanda ulioanza kupasuka, na kuupaka mafuta. Yale matundu ya msumari hakuyagusa. Alikataa nimlipe.

Nikaupeleka gesti siku ileile mchana, nikamwomba wa mapokezi amwite. Bi Safia alishuka. Alikuwa amekonda. Tuliketi kwenye makochi ya chini, mbele ya watu, naye akaufungua mkanda juu ya magoti, akautazama ule mshono mpya muda mrefu.

"Nisamehe," nikamwambia. "Sikuwa nimeulizwa."

"Ulininyang'anya, Elisante."

"Nini, dada yangu?"

"Mwaka na nusu nilikuwa na kazi. Nikiamka najua nilichokosea, na najua ninachotafuta. Kila nikipita dukani nasema, hii ingemfaa, hii isingeonekana. Wewe ukaniambia hakuna cha kutafuta. Kwamba alikufa tu. Hivihivi, na sinia ya biriani." Aliinua macho. "Kosa langu nilikuwa nalo. Sasa hata hilo sina."

Safari hii sikutafuta jibu. Akaukunja mkanda, akaniambia twende kwenye duka la simu, anataka kuzungumza na Jaffari, na anataka nisimame naye. Nilimsikia akimwambia shemeji yake asiichukue ile bastola, na ile ya Nassor iliyomo kabatini aipeleke polisi, apewe karatasi. Sauti ya Jaffari ilitoka kwenye simu mpaka mimi niliisikia.

"Utakaaje peke yako bila kitu, shemeji? Mji umeharibika huu!"

"Nitakaa," akasema.

"Wakija je?"

"Wakija wamekuja, Jaffari. Ufunguo wa kabati unajua uko wapi."

Alikata simu, akaegemea kibanda, na hapo ndipo alipolia. Si kwa kelele. Alilia kama mtu anayekohoa, na mwenye duka, kijana wa watu, akageuza kiti chake akatazama ukutani mpaka alipomaliza.

Baada ya hapo tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja na zaidi. Alirudi kula. Alirudi kubishana na mabosi, ingawa sikumwona tena akivua kiatu. Mara nyingine, katikati ya kuhesabu katoni, alisimama na kuniuliza jambo kana kwamba tulikuwa tukilizungumza muda uleule. "Hata sekunde tatu za kuitoa asingezipata?" Nami nikamjibu, "Hata moja, Bi Safia." Akaitikia, akaendelea kuhesabu. Aliniuliza hivyo labda mara saba au nane. Jibu langu halikubadilika, wala swali lake halikuisha.

Novemba 1999 aliamua kuacha. Duka alimwachia Jaffari, nyumba ya Dar akaipangisha, yeye akaenda kuishi Unguja na dada yake, Ilham. Nilimsindikiza stesheni kupanda treni ya Hong Kong, ambako angechukua ndege. Tulifika mapema. Alikuwa amenunua machungwa, akamenya moja, akanipa nusu.

"Nataka ujue," akasema, "nikiwa na watu, naamini ulichoniambia. Nikiwa peke yangu, siamini. Namwona kwenye kioo, najisikia nikicheka."

"Labda siku moja itapungua."

"Labda. Nina dada sasa wa kulala naye chumba kimoja." Alifuta mikono. "Hukukosea kusema. Ila nyie watu wa kutengeneza vitu mna haraka."

Mlango wa abiria ulipofunguliwa alinyanyua begi lake mwenyewe, akakataa nimshikie. Nilimwambia akifika anipigie.

Alipiga baada ya siku nne, kwenye simu ya bwenini, nikaitwa nikakimbia ngazi. Nyuma yake nilisikia watu wengi, vyombo, watoto wa jirani, na sauti ya mwanamke ikimwita aje ale. Akasema amefika salama. Akaniuliza kama kumeanza baridi huko, nikasema bado. Tulibaki kwenye simu, kila mtu na pumzi zake, mpaka ikakatika.